Karani aliyebakiza jina moja

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mama mmoja anafuta meza kwa kitambaa kibichi. Kalamu tatu anazipanga upande wa kulia, ya nne anaichomeka nyweleni. Meza yenyewe ni ya mbao, mguu mmoja mfupi umewekewa kadibodi iliyokunjwa mara nne. Iko barazani mwa duka la fotokopi, ng'ambo ya barabara kutoka jengo la halmashauri ya jiji.

Mteja wa kwanza ni mwanamume wa miaka kama thelathini, macho mekundu ya mtu aliyebembeleza kichanga hadi kulipokucha. Anataka kujaziwa fomu ya cheti cha kuzaliwa.

"Jina la mtoto?"

Mwanamume anataja jina. Mama anainua uso.

"Baba, hilo ni la kubembelezea. La cheti ni lipi?"

Mwanamume anacheka, anampigia mkewe simu, wanabishana kidogo, na hatimaye jina linapatikana. Mama analiandika herufi moja moja, kwa mwandiko ulionyooka kama uliopigiwa rula.

"Andika tu, mama. Nimeambiwa wewe huna makosa."

Kalamu inasimama.

"Ninalo moja," anasema, kisha anaendelea kuandika.

Ana miaka hamsini na mitatu. Siku njema hujaza fomu kumi na mbili. Siku mbaya tatu, na moja kati ya hizo huwa ya mtu aliyesahau pochi nyumbani. Lakini hapa barazani ana miezi kumi tu. Kabla ya hapo, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa karani wa ofisi ya kata, na kata nzima ilimwita Mama Daftari.

Jina hilo lilitokana na daftari la wapiga kura. Kila unapokaribia uchaguzi wa meya, naibu meya na madiwani, daftari hilo husafishwa. Waliohama huhamishwa, waliofikisha umri huingizwa, waliofariki hutolewa. Kazi hiyo ya mwisho makarani wenzake waliikwepa kwa visingizio vya kila namna, mpaka ikawa yake peke yake.

"Unabisha hodi kwa watu waliokwisha kulia wakamaliza," anasema. "Unakuja kuwaanzishia upya."

Utaratibu ulikuwa mfupi. Ndugu wa marehemu anatia saini kwenye fomu, karani anatia yake chini, kisha jina linapigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Wengi walisaini bila neno. Wengine walimsihi.

Hamsahau muuza mkaa mmoja, jirani yake wa mtaa wa pili. Mwanawe alikuwa amefariki akiwa na miaka ishirini na mbili, kadi yake ya kura haijawahi kutumika hata siku moja.

"Aliniambia, mama, mwache. Mwache aonje uchaguzi mmoja tu. Nikamwambia, mwenzangu, sheria haijui kuonja. Akasaini. Machozi yake yaliangukia karatasi, wino ukavuja, ikabidi nimletee fomu nyingine asaini tena."

Anazinyoosha kalamu mezani. "Mara mbili nilimsainisha mwanamke yule. Mara mbili."

Mwaka huo, wa uchaguzi uliopita, kata yake ilikuwa na marehemu mia mbili na kumi na wawili wa kufutwa. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa mume wake.

*

Mumewe alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa, hatua chache kutoka ofisi ya kata. Waliishi pamoja miaka ishirini na sita. Watu walimwita Fundi Saa na kumtania kwamba anarekebisha saa za wenzake huku yeye mwenyewe hajawahi kufika popote kwa wakati.

"Isipokuwa kituo cha kura," anasema mjane wake, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu. "Harusi yetu alichelewa. Kituo cha kura, kufuli haijafunguliwa yeye yupo mlangoni."

Vikao vya baraza la madiwani alivihudhuria kama wengine wanavyohudhuria mpira. Alikaa viti vya nyuma vya wananchi, akasikiliza bajeti ikisomwa, jioni akarudi kuwasimulia mkewe, binti yao na mama yake mzazi waliyeishi naye. Kilichomuudhi kuliko vyote ni zahanati ya kata kufungwa siku za Jumapili. "Maradhi hayana kalenda," alikuwa akisema.

Alianguka Jumapili moja baada ya adhuhuri, akiwa amekaa kitini anakata kucha. Upande mmoja wa mwili ulikuwa umelegea. Zahanati ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Majirani walimbeba kwa kiti kilekile mpaka getini, wakakuta mnyororo na kufuli. Mlinzi aliwaambia muuguzi angekuja Jumatatu.

Gari la kumpeleka hospitali kubwa lilipatikana baada ya karibu saa nzima. Alifia njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mdogo wake.

"Daktari alituambia, mngewahi nusu saa tu," anasema. "Mimi nikawaza, nusu saa tulikuwa nayo. Tuliitumia kumwomba mlinzi."

*

Miezi miwili baadaye zoezi la kusafisha daftari lilianza. Alirudi kazini na rundo la fomu mia mbili na kumi na mbili.

"Mia mbili na kumi na moja nilizimaliza. Hiyo moja niliiweka chini ya rundo. Kesho yake ikafika juu, nikairudisha chini."

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Alikaa ofisini mpaka wenzake wakaondoka, kalamu nyekundu mkononi, ukurasa umefunguliwa mbele yake. Kisha akaufunga.

"Nilijiambia, jina kubaki kitabuni kuna ubaya gani? Maiti haamki akaenda kupanga foleni."

Daftari likabandikwa ubaoni nje ya ofisi ili wananchi wahakiki majina yao. Kati ya waliopita kulisoma alikuwamo shemeji yake, yule mdogo wa marehemu, mchomeleaji wa mageti katika kata ya jirani. Ndugu hao wawili walifanana kiasi kwamba mtaani waliitwa mapacha waliopishana miaka mitano. Sura moja, kipara kimoja, hata kikohozi kimoja.

Kiti cha udiwani kiligombewa na wawili. Mmoja alikuwa mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya vijana wa kata, na ahadi yake ilikuwa moja tu: zahanati ifunguliwe siku saba. Mwingine alikuwa mfanyabiashara wa nafaka aliyejulikana kama Mzee wa Ghala, ambaye ahadi zake zilijaza ukurasa mbele na nyuma.

Siku ya kupiga kura, Mama Daftari alikaa meza ya pili ya kituo, rula mkononi. Mpiga kura anatoa kadi, jina linatafutwa, linapigwa mstari, anapewa karatasi tatu: ya meya, ya naibu meya na ya diwani. Saa saba mchana mwalimu mmoja alimshikia zamu ili akapate chai na mkate. Alikaa nje dakika ishirini na tano.

Jioni, kituo kilipofungwa na mistari kuanza kuhesabiwa, alifika ukurasa ule akaona jina la mumewe limepigwa mstari.

"Nilidhani ni macho. Nikavua miwani, nikaifuta, nikavaa. Mstari upo."

Alihesabu, akajumlisha, akasaini.

Kesho yake asubuhi matokeo yalitangazwa. Meya na naibu wake walishinda kwa maelfu. Kwenye udiwani, mkunga alipata kura 1,304, Mzee wa Ghala 1,303.

Mtaa ulilipuka kwa vigelegele. Wanawake walimbeba mkunga juujuu mpaka kwenye geti la zahanati. Mama Daftari alirudi nyumbani, akafungua droo aliyowekea vitu vya marehemu. Miwani ilikuwapo, bisibisi ndogo za saa zilikuwapo. Kadi ya kura haikuwapo.

*

Shemeji yake alikuja siku hiyohiyo, kidole kimeiva wino, mkononi ana mfuko wa sukari. Aliukuta mlango wazi na Mama Daftari amekaa sakafuni mbele ya droo.

"Nilimuuliza, shemeji, umefanya nini?"

Anayasimulia mazungumzo hayo taratibu, akiangalia barabara.

"Akasema, sikupiga mara mbili, shemeji. Yangu niliiacha kule kwetu. Nikaja kupiga ya kaka. Nikamwambia, kaka yako amekufa. Akasema, najua amekufa, amenifia mapajani. Lakini wewe si ndiye uliyeliacha jina lake? Nililiona ubaoni. Nikadhani umeliacha makusudi. Nikadhani unaniambia kitu."

Kadi, kumbe, shemeji aliichukua kwenye droo hiyo wiki moja kabla, alipokuja kuomba moja ya bisibisi za kaka yake iwe ukumbusho.

"Sikuwa nimemwambia kitu. Nilikuwa nimeshindwa tu kumfuta mume wangu. Lakini ukiacha mlango wazi, utamlaumuje aliyeingia?"

Sheria ilitoa siku saba za kuwasilisha pingamizi. Siku ya kwanza alijiambia kwamba mkunga ni mtu mwema. Siku ya pili alijiambia kwamba kura moja ni tone baharini. Siku ya tatu alikumbuka kwamba tone hilo ndilo bahari yenyewe, akashindwa kula.

"Mtu akikuuliza ulichokitaka, ulitaka nini? Zahanati ifunguliwe. Imepatikana. Mume wangu angeshangilia kuliko wote. Sasa unakwenda kuibomoa kwa mkono wako?"

Siku ya tano asubuhi alikutana na muuza mkaa bombani. Mwanamke yule alitua ndoo, akamshika mikono yote miwili kwa vidole vyake vyeusi.

"Aliniambia, Mama Daftari, ahsante. Nilikuchukia sana siku ile uliyomfuta mwanangu. Sasa nimeelewa. Kila mtu angebakiza wake, uchaguzi huu ungekuwa wa makaburini. Akanibariki. Nikaiacha ndoo yangu palepale, nikarudi ndani."

Jioni alimwita shemeji yake. Alimwambia kesho anakwenda kwa msimamizi wa uchaguzi, na kwamba anayetaka kukimbia bado ana usiku mzima. Shemeji alikuna wino kidoleni.

"Akaniambia, nenda. Mimi sikimbii, geti la mteja halijakauka rangi. Ila mama yangu usimwambie. Acha nimwambie mwenyewe."

Hakuwahi kumwambia. Polisi walifika mapema kuliko ujasiri wake, na bibi kizee wa miaka sabini na minane akazipata habari hizo kwa kumwona mwanawe wa pekee aliyebaki akipanda gari lao.

*

Msimamizi wa uchaguzi alimsikiliza, akamuuliza kama anajua anachokisema, akamsikiliza tena. Matokeo ya udiwani yalifutwa, uchaguzi wa marudio ukaitishwa baada ya siku sitini. Mahakama ilimhukumu shemeji kifungo cha miezi tisa. Karani aliachishwa kazi kwa uzembe, pamoja na kupoteza kiinua mgongo cha miaka kumi na tisa.

Lakini kabla hajakabidhi funguo alipewa kazi ya mwisho. Daftari lilipaswa kurekebishwa kabla ya marudio, na fomu ile moja ilikuwa bado haijajazwa.

"Mkuu wangu alisema angempa mtu mwingine. Nikakataa. Nikasema, yangu hii."

Aliijaza kwa mwandiko wake uleule. Palipoandikwa uhusiano na marehemu, akaandika: mke. Akasaini sehemu ya ndugu, akashuka akasaini sehemu ya karani. Akachukua kalamu nyekundu.

"Kuna jambo watu hawalijui," anasema. "Mstari unaupiga kwa sekunde moja. Nilidhani utachukua muda."

Katika uchaguzi wa marudio alisimama foleni kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa sababu miaka yote alikuwa upande wa pili wa meza. Foleni ilikuwa fupi. Watu walikuwa wamechoka, wengine wamekasirika, na aliye mbele yake alipogeuka na kumtambua, alisogea hatua mbili kana kwamba mama huyu ana upele. Mzee wa Ghala alishinda kwa kura themanini na sita.

Mwandishi wa simulizi hii alipita kwenye zahanati hiyo Jumapili iliyopita. Mnyororo upo, kufuli ni mpya. Diwani, alipoulizwa kwa simu, alisema suala hilo liko mezani.

Mkunga mstaafu hakukataa kuzungumza. Alikuwa uani kwake, anaanika nguo za wajukuu.

"Nilimkasirikia, nisikudanganye," alisema. "Siku tatu sikutaka kulisikia jina lake. Kwa nini hakuja kwangu kwanza? Siku ya nne nikajiambia, nimezalisha watu miaka thelathini na nne. Mtoto asiye wako utamnyonyesha mpaka lini? Ipo siku mama yake atakuja."

Alikung'uta shuka, akaibana kambani. "Lakini Jumapili nikisikia mtu anabebwa kwenda getini pale, naumia. Naumia, na Mama Daftari anaumia. Hatujakaa pamoja kuumia. Labda ipo siku."

*

Adhabu iliyo nzito kuliko zote haikutoka mahakamani. Mama mkwe wake alinyamaza.

Wanaishi nyumba moja. Chumba cha bibi kinatazamana na chake, katikati yake kuna ukumbi mwembamba wa kupishana watu wawili kwa taabu. Kwa miezi tisa bibi hakumwelekezea neno. Kila kitu kilipitia kwa binti, mwenye miaka kumi na saba. Mwambie mama yako maji yamechemka. Mwambie mama yako kuna mtu mlangoni. Na mama akiwa amesimama palepale, anasikia.

"Simlaumu," anasema. "Mmoja alichukuliwa na Mungu, wa pili nikamchukua mimi. Ningekuwa yeye ningehama."

Je, anajuta?

Mteja anakuja, anataka fomu ya leseni, anajaziwa, anaondoka.

"Najuta Ijumaa ile," anasema hatimaye. "Niliyofunga daftari. Hayo mengine yote yalikuwa yananifuata tu. Watu hunipongeza siku hizi, wananiita mkweli. Hunichoma. Mkweli angemfuta mumewe siku ile, shemeji yangu angekuwa anachomelea mageti, na mkunga, nani anajua, wangefungana, ingerudiwa, labda angeshinda kwa haki. Sikuwa mkweli. Nilichelewa."

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alipanda basi kwenda gerezani kumwona shemeji. Mara mbili za mwanzo hakutoka kuonana naye. Ya tatu alitoka, wakakaa wakitazamana. Ya nne alimwuliza kama bisibisi ya kaka yake bado ipo salama. Tangu hapo wanaongea, si sana.

Anatoka keshokutwa, Ijumaa.

Mama amekwisha kumpangia. Mwenye karakana ya kuchomelea amekubali kumrudisha kazini kwa majaribio. Chumba cha nyuma kimepakwa chokaa. Fomu zote za kurejeshewa kitambulisho amezijaza tayari, zimebaki saini. Na mwezi ujao, madiwani wakikaa kupokea maoni ya bajeti, amejiandikisha kuzungumza dakika tatu kuhusu zahanati na Jumapili. Ameziandika dakika hizo, akazifuta, akaziandika tena.

"Watasema huyu si ndiye yule? Nitasema ndiye. Kisha nitasoma."

Jambo ambalo hakuwa amelipanga lilitokea jana jioni. Alikuwa ukumbini anapiga pasi shati la shemeji, jeupe, la kuvaa siku ya kutoka. Mlango wa bibi ulikuwa wazi kidogo, taa imewashwa. Binti hakuwapo, alikuwa ametumwa dukani.

"Nikasikia sauti. Nikadhani anaongea na redio. Akarudia. Akasema, Ijumaa tunaondoka saa ngapi?"

Anavua miwani, anaiweka juu ya fomu.

"Pasi nusura iniunguzie shati. Nikasema, saa kumi na mbili, mama. Basi la kwanza. Akanyamaza. Nikajua ndiyo yameisha. Kisha akasema, basi uniamshe."